Mzee Akishikwa na Homa Kali, Dawa Zake za Moyo Ziende Naye Hospitali

Kwenu watoto, wakwe na wajukuu mnaowatunza wazee wenye presha na maradhi ya moyo, hapa Moshi mjini na huko juu vihambani,

Wanangu, nawasalimu nyote. Tumeingia miezi ya baridi. Kule Kibosho na Machame jua linachelewa kutoka, wazee wanashinda jikoni karibu na moto, na kikohozi kilichoanza kidogo kinashuka kifuani kinakuwa nimonia. Mimi nimestaafu uuguzi, lakini simu zenu bado zinanifikia, na kila msimu huu ukija swali ni lile lile: "Mama, mzee ana homa, hali chakula. Hizi dawa za moyo tuziache kwanza mpaka homa ipoe?"

Nimeona niwajibu wote kwa pamoja. Dawa za moyo za mzee aliyeshikwa na maambukizi makali si za kuamuliwa nyumbani. Mzee apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na dawa zake zote ziende naye. Daktari akishampima presha na kuangalia figo kwenye damu, ndipo atasema ipi iendelee, ipi ipunguzwe na ipi isimame.

Nianze na zile ambazo jina lake kwenye pakiti huishia na "lol": atenolol, bisoprolol, carvedilol, propranolol. Wazee wengi wanazo, na wengine wamezimeza miaka na miaka. Kazi yake ni kuzuia adrenalini isiukimbize moyo. Sasa vijidudu vikienea mwilini, mwili humwaga adrenalini nyingi kujihami, na moyo unaanza kwenda mbio. Moyo unaokimbia hivyo ni kama ndoo inayoondolewa bombani kabla haijajaa: safari ni nyingi, maji ni kidogo. Moyo wa mzee, ambao tayari umechoka, hauwezi kustahimili hali hiyo siku nyingi.

Kwa sababu hiyo wataalamu walijiuliza kama mtu aliyekuwa akizimeza dawa hizi tangu zamani huwa na nafuu akipatwa na maambukizi makali. Mwaka 2012 watafiti wa Italia walitoa hesabu za wagonjwa 9,465 waliolazwa vyumba vya wagonjwa mahututi kwa maambukizi yaliyoenea mwilini. Katika siku 28, waliokuwa wakitumia dawa hizi kabla ya kuugua walifariki asilimia 17.7, na wasiozitumia asilimia 22.1. Tofauti ipo, na inatia moyo. Lakini hesabu ya namna hiyo haithibitishi kwamba ni dawa iliyowaokoa. Mtu anayemeza dawa kila siku huenda pia anahudhuria kliniki, ana mtu wa kumfuatilia, na anawahi hospitali. Hayo nayo yanaokoa.

Nasisitiza hili kwa sababu naijua mitaa yetu. Habari ikisikika kwamba dawa fulani "inazuia kufa", kesho yake jirani asiye na ugonjwa wa moyo anaomba vidonge viwili vya baba yenu. Msimpe. Akiwa na pumu, propranolol inaweza kumbana kifua akose pumzi kabisa. Tena wapo madaktari waliojaribu kuwaanzishia dawa za aina hii, kwa njia ya mshipa, wagonjwa ambao maambukizi yalishaangusha presha yao. Roma mwaka 2013 matokeo yalionekana mazuri. Uingereza walipojaribu dawa nyingine ya kundi hilo, matokeo yakatoka mwaka 2023, jaribio lilisimamishwa mapema: katika wagonjwa 126, waliopewa dawa walifariki asilimia 37.1 na wasiopewa asilimia 25.4. Kwa hiyo aliyeizoea dawa miaka mingi na anayeanzishwa katikati ya hatari ni watu wawili tofauti.

Na aliyeizoea, kumkatisha ghafla ni hatari nyingine. Mwili uliozuiwa muda mrefu ukiachiwa mara moja hulipiza: mapigo yanapanda, presha inaruka, kifua kinauma, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio la moyo. Ndiyo maana hospitali wakitaka kuisimamisha, wanamfuatilia mapigo na presha. Ninyi nyumbani mtamfuatilia kwa kifaa gani?

Kuna jambo ambalo hata wahudumu wa afya linaweza kuwapita wasipoambiwa. Mzee anayemeza dawa hizi anaweza kuwa na maambukizi mabaya na mapigo yake yakaonekana ya kawaida kabisa, kwa sababu dawa inayazuia. Mkishika mkono wake mkaona mapigo yametulia, msijifariji. Tena wazee wengine hawapandishi joto hata wakiwa taabani. Angalieni pumzi. Kaeni naye kimya, hesabuni dakika nzima kifua kinavyopanda na kushuka. Ikifika 22 au zaidi, hiyo ni dalili ya hatari. Angalieni kama anachanganya majina ya watu, kama mikono na miguu imekuwa baridi, kama tangu asubuhi hajakojoa. Mkiona mojawapo, tafuteni gari hata kama ni usiku.

Dawa nyingine ni zile za "pril" na "sartan", kama captopril, enalapril na losartan, pamoja na Lasix ya kukojoza. Hizi ni nzuri siku za kawaida, lakini mzee akiharisha au kutapika, maji yakamwishia, zinaweza kuishusha presha mno na kuziumiza figo. Mara nyingi daktari atazisimamisha kwa muda. Lakini si kila homa inazihitaji zisimame. Mnakumbuka mwaka 2020, Korona ilipoingia, dunia nzima ilivumishwa kwamba hizi za "pril" na "sartan" zinaukaribisha ugonjwa, na watu wakaogopa kuzimeza. Huko Brazili wagonjwa 659 wa Korona waligawanywa, wengine wakaendelea nazo na wengine wakaziacha siku 30. Matokeo hayakutofautiana. Walioziacha hawakupata faida yoyote.

Jingine ni dawa za kutibu maambukizi zenyewe. Mzee anayemeza warfarin ya kuzuia damu kuganda, akinunuliwa Septrin au Flagyl dukani, damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi akaanza kuvuja damu. Septrin hiyo hiyo ikikutana na losartan au spironolactone, dawa nyingine ya kukojoza, madini ya potasiamu yanapanda kwenye damu, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Muuza dawa hawezi kuyajua haya kama mmemwambia tu "nipe ya kifua".

Nilimwona mkwe mmoja, ameshuka na mama mkwe wake kutoka Old Moshi. Daktari alipouliza dawa, alifungua fundo la kanga akamwaga juu ya meza bahasha sita za karatasi. Zimeandikwa 1x1, 1x2, bila jina la dawa hata moja. Ndani yake vidonge vyeupe vidogo, vinafanana. Tulivigeuza kimoja kimoja kwenye mwanga kutafuta herufi. Kilichotusaidia ni kipande cha pakiti ya bati alichokuwa amekihifadhi chini kabisa ya fundo, kimebaki na herufi "…nolol". Kwa kipande kile daktari alijua kwa nini mapigo yalikuwa 70 ilhali mama anahema vile.

Basi fanyeni hivi wiki hii, kabla hajaugua mtu. Msitupe pakiti, kidonge kikae ndani ya bati lake. Andikeni karatasi yenye majina ya dawa, kipimo, na tangu mwaka gani anaitumia, ikae ndani ya daftari la kliniki. Ninyi mlioko Arusha na Dar, pigeni picha karatasi hiyo muwe nayo kwenye simu, maana anayebaki na mzee usiku mara nyingi ni mjukuu wa darasa la sita. Na mkifika mapokezi, iwe ni Mawenzi, KCMC, Mount Meru au zahanati ya kata, msingoje kuulizwa. Semeni: "Anatumia dawa za moyo, hizi hapa, ya mwisho amemeza saa fulani."

Akiruhusiwa kutoka, kabla hamjamshusha kitandani, muulizeni daktari dawa zipi zilisimamishwa na zirudishwe lini. Iandikwe tarehe. Wengi wanarudi nyumbani wamepona nimonia, dawa ya moyo iliyosimamishwa haikurudishwa, na baada ya wiki chache miguu inavimba tena.

Mama yenu,
Muuguzi mstaafu, Rau, Moshi