Ghasia za Ufaransa hazikuanza na kifo cha mfalme

Mhariri,

Makala ya gazeti lako kuhusu mapinduzi ya Ufaransa ilieleza kwamba umwagaji damu ulianza siku mfalme Louis XVI alipokatwa kichwa, tarehe 21 Januari 1793. Kwa heshima zote, sikubaliani na kauli hiyo. Tarehe 14 Julai 1789 watu wa Paris, waliokwisha kuchoshwa na bei ya mkate, waliivamia ngome ya Bastille wakitafuta baruti, na siku ile ile kichwa cha mkuu wa ngome hiyo, de Launay, kilitembezwa mitaani juu ya mkuki. Kilichobadilika baadaye ni mwenye kuua. Septemba 1792, majeshi ya Prussia, dola ya Kijerumani iliyokuwa vitani na Ufaransa, yakiwa yanasonga mbele, umati uliwaua wafungwa zaidi ya 1,000 magerezani. Mwaka uliofuata serikali yenyewe ikaichukua kazi hiyo kwa mahakama na gilotini, yaani mashine ya kukata vichwa, ikawahukumu kifo watu wapatao 17,000. Wengi wao hawakuwa makabaila, jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawaliamini wanapolisikia mara ya kwanza. Robespierre, mmoja wa viongozi wakuu wa serikali hiyo, naye alipelekwa kwenye gilotini hiyo hiyo Julai 1794.

Mwalimu wa historia,
Chake Chake, Pemba