Kwa nini tunakuuliza kuhusu flashi zako kabla ya kukompaili kerneli

Tunatengenezea watu kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachounganisha programu na vifaa vya mashine. Wiki hii tena mteja ametoka ofisini kwetu amenuna. Malalamiko ni yale yale: "Umeandika amri moja, mashine ikahangaika yenyewe, wewe ukaenda kunywa chai. Laki mbili ya nini?" Tumeyasikia mara nyingi mno, kwa hiyo tunayajibu hapa ili kila mtu asome kabla hajaleta mashine yake.

Kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa kerneli inayoweza kuwaka, kweli ni kazi ya mashine, na hiyo hatukulipishi. Unacholipia ni muda unaotangulia, tukiwa ndani ya menuconfig, menyu ya kuchagua kinachoingia kwenye kerneli, kwenye sehemu ya mifumo ya faili (namna faili zinavyopangwa kwenye diski au flashi), tukiamua kipi kiwekwe Y, kipi M, kipi kiachwe. Na kabla hatujafika huko tunakuhoji: unachomeka flashi za aina gani? Kamera yako inatumia kadi ya GB ngapi? Kuna diski ya zamani kabatini yenye hesabu za ofisi? Wengine huona tunapoteza muda. Bila majibu hayo hatugusi kitu.

Ukiweka Y, mfumo wa faili unaingia ndani ya kerneli yenyewe. Ukiweka M, unakuwa moduli, faili linalokaa chini ya /lib/modules, na /lib/modules iko kwenye diski. Sasa mtu anaweka ext4, mfumo wa faili wa diski yake ya Linux, iwe M, halafu kwa kutaka mashine iwake haraka anaiondoa initramfs, mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye kumbukumbu kabla diski haijafunguliwa. Kerneli inaamka, inataka kufungua diski, na kifaa cha kuifungulia kimefungiwa humo humo ndani ya diski. Inakwama palepale: "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block", kisha namba mbili kwenye mabano.

Hizo namba mbili ndizo tunazosoma kwanza mashine ikiletwa imekufa. Zikiwa (0,0), kerneli haijaiona diski kabisa, kwa hiyo tunakagua draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kidhibiti cha diski, jina la diski lililoandikwa kwenye root= ya amri ya kuwashia na kama initramfs imepakiwa. Zikiwa (8,2), diski imeonekana, hiyo ni sda2, kipande cha pili cha diski ya kwanza, ila hakuna anayejua kusoma kilichoandikwa juu yake. Hapo tunarudi kwenye mifumo ya faili. Mteja mmoja alikuwa ameshanunua diski mpya kwa sababu aliambiwa ya kwanza imeungua. Ilikuwa nzima. Skrini yake ilikuwa inaonyesha (8,2) muda wote.

Njia ya mkato inayotuletea kazi kuliko zote ni make localmodconfig. Ni amri nzuri, nasi tunaitumia. Inaangalia moduli zilizopakiwa wakati huo, zile unazoziona ukiandika lsmod, halafu inazima moduli nyingine zote. Kerneli inakuwa ndogo na inakompailika upesi. Shida ni hayo maneno "wakati huo". Kama hujachomeka flashi, mashine haijui kwamba huwa unachomeka flashi.

Mwenye studio ya picha za harusi alitengenezewa kerneli hivyo kwa elfu hamsini. Iliwaka vizuri, akafurahi. Jumamosi akarudi na kadi ya kamera ya GB 64, akaichomeka, akaambiwa "unknown filesystem type 'exfat'". Kadi za SDXC, yaani zinazozidi GB 32, huja na exFAT kutoka kiwandani. Draiva ya exFAT iliyoletwa na Samsung imo kwenye kerneli tangu toleo 5.7 la mwaka 2020, na yeye alikuwa na 6.1, ilikuwa imezimwa tu. Lakini mtu aliye karibu naye alimwambia kadi imeharibika, wakaiformati. Alipofika kwetu tulimrudishia picha nyingi kwa PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, si zote, na bibi harusi hakutaka kuelewa habari za moduli. Gharama ya kuokoa picha peke yake ilizidi ile laki mbili aliyoikwepa.

Halafu kuna vfat, draiva ya mfumo wa faili wa FAT. Watu hudhani ni ya flashi tu, wakaiacha. Mashine inayowaka kwa UEFI, programu ya mashine inayoanza kabla ya Linux, ina kipande cha diski cha /boot/efi, nacho ni FAT. Kikikosa kufunguka na kimeandikwa kwenye fstab, orodha ya diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, bila neno nofail la kuruhusu mashine iendelee bila hicho kipande, systemd, programu inayoanzisha huduma zote, inakutupa kwenye hali ya dharura. Tena kuweka vfat peke yake hakutoshi. Kuna meza za herufi, NLS, ambazo zina menyu yake ndogo karibu na mwisho wa orodha ya mifumo ya faili, na wengi hawafiki huko. Mpangilio wa kawaida wa FAT unataka meza mbili, codepage 437 na iso8859-1. Ikikosekana ya pili, dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, inasema "IO charset iso8859-1 not found", na flashi haifunguki ingawa vfat ipo. Duka moja la dawa walipiga upya mfumo mzima kwa ajili ya mstari huo.

Wanaotumia Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makontena, wasituambie tuzime overlay, mfumo wa faili unaounganisha matabaka yake, ili kupunguza ukubwa wa kerneli. Docker ikilazimika kutumia draiva yake ya hifadhi iitwayo vfs, kila tabaka la imeji (kifurushi cha programu) linanakiliwa zima, na diski inajaa mkiangalia.

Kwa wazee wenye diski za zamani: ReiserFS, mfumo wa faili wa zamani, imeondolewa kabisa kwenye kerneli 6.13 ya Januari 2025. Hakuna Y wala M tena. Ukiwa na diski ya aina hiyo tunakuwekea 6.12 pembeni, tunainakili kwenye ext4, na tunalinganisha faili moja moja kwa sha256, namba ya kuhakiki kwamba faili halijabadilika, kabla ya kukurudishia. Hiyo inachukua muda, na tunailipisha. Ext3 haina neno, draiva ya ext4 inaisoma.

Bei yetu haishuki kwa sababu hatukabidhi mashine iliyowaka mara moja tu. Tunaizima na kuiwasha, tunachomeka kila ulichotuletea, tunasoma /proc/filesystems (orodha ya mifumo ya faili ambayo kerneli inaijua) na dmesg mbele yako, na kerneli yako ya zamani inabaki kwenye menyu ya GRUB, ya kuchagua kerneli ya kuwasha. Anayetaka elfu hamsini apate vyote hivyo atafute kwingine.

Na kama seva yako ni ya kawaida, tutakwambia ubaki na kerneli iliyokuja na Debian, moja ya mifumo endeshi ya Linux, haitakugharimu chochote. Tumewarudisha wengi hivyo. Kama kweli unahitaji yako mwenyewe, njoo na mashine pamoja na flashi, kadi, diski za nje na nakala ya /boot/config, faili la mipangilio, ya kerneli inayofanya kazi sasa. Usiifute hata kama fundi aliyekutangulia alikwambia haina kazi.