Bahari ya Njano ina historia zaidi ya Zheng He

Mhariri,

Magazeti yetu yanapogusa historia ya bahari za mashariki ya Asia, simulizi huanza na Zheng He, amiri wa China aliyeongoza misafara ya meli, na kuishia kwa twiga wa Malindi aliyefikishwa China mwaka 1415. Safari zile zinastahili kusimuliwa. Lakini miaka 600 hivi kabla yake, Wakorea na Wachina walikuwa wakivuka Bahari ya Njano kwa biashara, ibada na makazi, na wengi wao hawakutumwa na mfalme yeyote. Hao hatuwaandiki kabisa.

Chukua habari za Jang Bogo. Alizaliwa katika dola ya Silla, huko Korea, akavuka bahari na kuwa askari katika China ya watawala wa Tang. Huko aliwakuta watu wa kwao waliotekwa na maharamia na kuuzwa utumwani. Aliporudi, mwaka 828, alimwomba mfalme Heungdeok ruhusa ya kujenga ngome katika kisiwa cha Wando. Akapewa watu 10,000, akawafagia maharamia, na njia ilipokuwa salama akaigeuza kuwa ya biashara, kati ya Silla, China na Japani.

Kwangu mimi, hata hivyo, utamu wa historia hii uko ng'ambo, pwani ya Shandong nchini China. Watu wa Silla walikuwa na vijiji vyao huko, na mitaa yao katika miji ya kando ya mto Huai: mabaharia, wachoma makaa, wakalimani, watawa. Jang Bogo aliwajengea hekalu la Kibudha mahali paitwapo Chishan. Tunalifahamu vizuri kwa sababu mtawa wa Kijapani, Ennin, alikaa hapo kuanzia mwaka 839 akaandika aliyoyaona. Anaeleza kwamba ibada nyingi ziliendeshwa kwa lugha na desturi za Silla, nyingine chache kwa desturi za Kichina, chini ya paa moja. Anaeleza pia sikukuu ya mwezi wa nane, ambapo Wasilla walipika, wakacheza na kuimba usiku na mchana wakiikumbuka nchi yao. Wajumbe wa Japani walipotaka kurejea kwao walikodi majahazi tisa ya Silla pamoja na mabaharia walioijua bahari ile. Ennin mwenyewe alirudi nyumbani mwaka 847 kwa chombo cha Wasilla.

Jang Bogo aliponzwa na siasa. Alisaidia kumweka mfalme kitini, kisha wakuu wa Silla wakakataa binti yake aolewe na mfalme kwa kuwa baba alikuwa mtu wa visiwani. Aliuawa katika miaka ya 840, na ngome ya Wando ikavunjwa mwaka 851. Hekalu la Chishan nalo lilibomolewa mfalme wa Tang alipowaandama Wabudha.

Mawasiliano hayakufa pamoja naye. Wafinyanzi wa Korea walijifunza kutoka China namna ya kuchoma vyombo vya kauri ya kijani, wakaendelea hadi mjumbe Mchina Xu Jing, aliyefika Korea mwaka 1123, akavisifu vyombo vyao. Na kauri ya kijani ya China ndiyo hiyo hiyo ambayo vigae vyake vimechimbuliwa Gedi na Kilwa. Ukiviona vigae hivyo, fahamu kwamba pwani yetu ilikuwa na wateja wenzake huko Korea.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mtakapoandika tena kuhusu bahari za Asia, mpeni Jang Bogo nafasi, na watu wa Chishan pia. Wanafunzi wangu wanasoma gazeti lako, na wengi wao ni watoto wa mabaharia.

Mwalimu wa historia,
Tanga