Jiko la nje: tulijenge darini au kiwandani?

Assalamu alaykum Mhariri, na wasomaji wenzangu mnaozijua nyumba za mawe.

Naandika kutoka Mkomani, Lamu. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe na chokaa, tuliyoachiwa na bibi mzaa mama. Naishi humo na mume wangu, watoto wetu, na mama yangu ambaye umri umemwendea na magoti yamemchoka. Akiba tunayo kidogo, na kaka yangu aliyeko Mombasa ameahidi kuongeza. Sote tumekubaliana kwamba hatuwezi kuendelea kupikia ndani. Tuhamie wapi, darini (juu kabisa ya nyumba) au kiwandani (ua wa ndani ulio wazi juu), hapo ndipo kila mtu ana lake, na mimi ndiye ninayetakiwa kukata shauri kwa sababu ndiye mpishi.

Zamani jiko letu lilikuwa juu, darini, chini ya makuti, kama nyumba nyingi za mji huu. Wazee walikuwa na sababu. Nyumba zimebanana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, njia ni vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Moshi usipotokea juu, hauna pengine pa kutokea. Makuti yetu yalipooza hayakuezekwa tena, mvua ikamaliza meko, na mapishi yakateremshwa chumba cha nyuma chenye kidirisha kimoja. Humo ndimo tunamokaangia mahamri, ndimo wali wa nazi unamopaliwa makaa. Kuta zimekuwa nyeusi mpaka kwenye boriti. Mama anakohoa usiku kucha, na daktari aliyempima kifua, kabla hajauliza habari ya dawa, aliuliza tunapikia nini na wapi. Makaa nayo yana ubaya wa ziada: hewa yake ya sumu haina harufu wala haiwashi macho, na hujaa katika chumba kilichofungwa bila mtu kujua.

Shauri la kwanza ni kurudisha jiko darini. Moyo wangu uko huko, nasema wazi. Juu kuna upepo, kuna mwanga, na harufu ya samaki haibaki kwenye nguo. Mfungo sita, wageni wa Maulidi wanapofika kwa ajili ya msikiti wa Riyadha na kila nyumba ina watu wa kulisha, sufuria kubwa za pilau zinahitaji mafiga na nafasi ya kuzunguka, si chumba cha kusukumana.

Lakini dari lenyewe linanitia wasiwasi. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana kama mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa upana hufuata urefu wa boriti za mikoko. Juu ya boriti kuna mawe na chokaa iliyoshindiliwa, uzito wa kutosha tayari. Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka kujenga meza ya simiti yenye urefu wa mita 3, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 10. Nilipiga hesabu: mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu tani 2.4, kwa hiyo meza hiyo peke yake inapita kilo 400, kabla ya nguzo zake, kabla ya karo la kuoshea vyombo, na kabla ya tangi. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima ya maji. Boriti zetu ni za tangu enzi za bibi, na boriti huoza pale kichwa chake kinapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Nilipomuuliza fundi kama atazikagua kwanza, alisema nyumba hizi zimesimama miaka mingi na hazitaanguka leo. Sikuridhika na jibu hilo.

Maji ndiyo taabu nyingine. Tunayopata kutoka visima vya matuta ya mchanga ya Shela hayana msukumo wa kufika darini kwetu, kwa hiyo ni pampu au ndoo. Na maji yakishapanda lazima yashuke. Maji ya vyombo yenye mafuta yakivuja ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe, ukuta unayanywa. Simiti ikipakwa juu ya chokaa ya zamani ndiyo huzidisha, maana unyevu hufungiwa ndani na plasta hubanduka vipande vipande. Nimeyaona hayo katika nyumba zaidi ya moja hapa mtaani.

Kisha kuna jirani. Nyumba yao iko upande wetu wa kaskazini, na dari lao liko chini kidogo ya letu. Miezi ya kaskazi, upepo utokao kaskazini, moshi wetu utaelekea njiani na hautamsumbua mtu. Kusi, upepo utokao kusini, ikiingia, utakwenda moja kwa moja kwenye nguo zao walizoanika, na mle ndani yumo mzee mgonjwa. Tena mtu akisimama darini kwetu pembe ya mashariki anaona kiwanda chao chote. Bibi alikuwa na ukuta wa sitara pale, ulioanguka na makuti. Jiko likirudi, ukuta nao lazima urudi, na nisingependa hata siku moja jirani ajifunike ndani ya nyumba yake kwa sababu yangu.

Lililo zito kuliko yote ni mama. Nilipomtajia dari alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, mimi yuu siwezi. Mukipika yuu, mimi tini nitakuwa mgeni." Ngazi yetu ni ya mawe, imesimama wima, haina pa kushika. Mama ndiye anayejua nazi ya kwanza inaingia lini na ya pili lini, ndiye anayeonja, ndiye anayekaa juu ya mbuzi akikuna huku akiwaeleza wajukuu nani ni nani katika ukoo. Sufuria zikipanda juu, yeye atabaki barazani akingoja kuletewa sahani.

Ndiyo maana mume wangu anasema tujenge kiwandani. Kiwanda chetu kiko katikati ya nyumba, wazi juu, na mama anafika kwa hatua chache. Bomba lipo, tundu la kutolea maji lipo. Mume wangu anataka gesi tupu, bila kuni wala makaa, na bei ya makaa ilivyopanda simlaumu. Isipokuwa kiwanda ndicho kinachoipa nyumba hewa: vyumba vyote, vya chini na vya juu, vimefungulia hapo. Chochote kitakachopikwa pale kitaingia kila chumba kabla hakijapanda. Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, inatambaa chini na kutulia penye shimo. Kiwanda chetu kiko hatua mbili chini ya vyumba na kina kuta pande zote nne. Mume wangu anasema pako wazi juu, hapana hatari. Mimi naona uwazi wa juu hauwezi kuisaidia hewa inayokwenda chini. Darini nako, mtungi wa kilo 13 uliojaa, pamoja na chuma chake, unapita kilo 25, na hapa hakuna gari la kuufikisha hata mlangoni.

Kaka yangu ana lake. Ameona nyumba za wageni kule Shela, anataka jiko la kuchomea nyama darini, meza ndefu na taa, ili miezi ya watalii tukodishe vyumba vya juu. Pesa zake tunazihitaji, na sina ubaya na wageni. Ila jiko la namna hiyo ni la mtu anayepika akitaka. Mimi napika alfajiri, adhuhuri na jioni, na Ramadhani napika mpaka daku.

Nimefikiria kugawa: meko ya kuni na makaa darini kwa mapishi makubwa na ya moshi, yasiwe ya simiti bali seredani (jiko la makaa) na mafiga yanayohamishika, juu ya meza ya mbao, na chini, ukumbini karibu na kiwanda, jiko dogo la gesi la kila siku ambapo mama atakaa na kifumbu chake cha kuchujia nazi, mtungi ukiwekwa juu ya sakafu iliyoinuka, mlango wa njiani ukiwa karibu. Makuti juu, si mabati, kwa sababu mabati hapa huliwa na chumvi ya bahari na chini yake mtu huungua mchana. Ubaya wa makuti ni cheche, na kuezeka upya kila baada ya miaka kadhaa. Majiko mawili ni gharama mara mbili, na mume wangu anaona namalizia akiba kwenye kitu ambacho nusu yake kitatumika siku za sherehe tu.

Kuhusu kibali, nitakwenda kwa watu wa Makumbusho ya Taifa na kwa kaunti kabla jiwe halijawekwa. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na sitaki kuamriwa kubomoa nilichojenga. Hilo halina mjadala nyumbani.

Ninachoomba ni haya. Mnaojua ujenzi: nani wa kukagua vichwa vya boriti bila kuvunja ukuta, na je, nikiweka mzigo karibu na kuta badala ya katikati, nitapunguza hatari kiasi cha kutosha? Mnaotumia gesi katika nyumba za mawe: mmeuweka wapi mtungi? Na wenye wazazi wazee: mkipewa kuchagua kati ya kifua cha mama na nafasi yake jikoni, na pesa zinatosha jiko moja tu, mngejenga lipi? Kaka anataka jibu mwezi huu, na vifaa vyote vinakuja kwa jahazi, kisha punda kutoka gatini. Nataka makuti yawe juu kabla masika hayajaanza. Aliyewahi kujenga jiko kiwandani naomba anieleze pia moshi wake unaelekea wapi miezi ya kusi.

Wassalam,
Mama wa Mkomani, Lamu