Kwa mdogo wangu anayetaka kuliacha jiwe

Mdogo wangu,

Nimesikia umemwambia mama kwamba kazi ya kuchonga malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, unaiacha, kwa kuwa unashinda unasugua jiwe moja huku vijana wa rika lako wanarudi kutoka machimboni na pesa mkononi. Sikukasirika. Maisha ya Lubumbashi nayajua, na mwenye nyumba hangoji jiwe ling'ae. Ila nisikilize kwanza.

Malakiti si jiwe gumu. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe toka 1 hadi 10, liko kati ya 3.5 na 4, hata kisu kinalikwaruza. Ndiyo maana linawaponza wenye haraka: umbo linatoka upesi, na mtu anadhani amemaliza. Kazi yenyewe iko kwenye msasa. Unaanza na namba 80, ule mkali, unapanda 220, 400, 800, mpaka 1200, ule laini, na kila namba inafuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Ukiiruka 400, mikwaruzo ya 220 utaikuta palepale mwishoni, imeng'arishwa.

Halafu kuna maji. Jiwe lazima lilowe muda wote, maana vumbi lake lina shaba na ni sumu ukilivuta (barakoa usiivue, hata joto la Oktoba likizidi). Lakini jiwe lililolowa linapendeza mno! Maji yanajaza mikwaruzo, kijani kinakolea, ile mistari iliyojengwa tabaka kwa tabaka na maji ya shaba ndani ya miamba ya Katanga inajitokeza yote, nawe unajiambia tayari. Lifute. Liache likauke kabisa, kisha ulitazame kwa upande, mwanga ukililalia. Hapo ndipo utaona ulichokifanya.

Subira ninayoitaka kwako ni hiyo: kulikausha jiwe, kukubali unachokiona, na kurudi namba ya nyuma bila kununa. Nawajua mafundi wenye mikono myepesi kuliko yangu wanaokimbilia vanishi. Inaficha kwa muda, kisha inabanduka, na mnunuzi yule harudi tena wala hamtumi mwenzake kwao. Inaniuma, kwa sababu kipaji wanacho.

Kile kikasha chako bado kiko mezani, umekifikisha 220. Sijakigusa na sitakigusa. Njoo Jumamosi, msasa wa 400 nitakuwa nimeshanunua. Ukikimaliza kikavu, ukakitazama, na bado unataka kwenda machimboni, nauli nitakupa mwenyewe.

Yaya yako