Barua kwa mwanangu anayevuka kwenda Unguja

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na habari kwamba wewe na wenzako watatu mnavuka kwenda Unguja Jumamosi hii, mlale usiku mmoja na kurudi Jumapili. Ruhusa unayo. Umeniuliza habari za boti na albamu za kupakua. Nakujibu yote kwa pamoja, maana ukiingia Mji Mkongwe bila kuusikia muziki wake utakuwa umeona kuta tu.

Tiketi kateni leo, ya kwenda na ya kurudi kwa mkupuo mmoja. Asubuhi ya kwenda nafasi hupatikana. Kinachowaponza watu ni Jumapili alasiri, kila mtu anapotaka kurudi Dar kuwahi kazi ya Jumatatu. Nunueni dirishani au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, na jina la tiketi lilingane herufi kwa herufi na kitambulisho. Atakayekupokea nje ya geti akisema dirisha limefungwa, mpite. Tiketi ya mkononi mwake mara nyingi ina jina la mtu mwingine, au ni ya daraja la chini kuliko hela uliyompa. Kwa boti ya saa moja asubuhi, muwe bandarini saa kumi na moja na nusu. Safari yenyewe ni kama saa mbili.

Sasa hivi ni msimu wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini, na hili ulishike vizuri. Mkienda, upepo unawasukuma kwa nyuma na boti inateleza. Mkirudi mnaukabili usoni, pua ya boti inapanda wimbi na kudondoka, na hapo ndipo watu hutapika. Kwa hiyo kidonge cha kichefuchefu ni cha Jumapili zaidi kuliko Jumamosi: kinywe saa moja kabla ya kuondoka, kwa sababu ukisubiri tumbo lianze kuchafuka utakitapika chenyewe. Muulize mfamasia kinachokufaa, maana vingine vinaleta usingizi mzito. Kaeni sitaha ya chini, katikati, karibu na nyuma. Viti vya mbele na vya juu vina mandhari nzuri ila vinayumba kuliko vyote. Kuleni kitu kikavu kabla, mkate au muhogo wa kuchemsha, msipande na njaa.

Katikati ya bahari mtandao unakatika, kwa hiyo nyimbo zipakue nyumbani. Ukichagua ubora wa juu, kilobiti 320 kwa sekunde, dakika moja ya muziki inakula megabaiti 2.4, na albamu ya dakika 40 inafika karibu megabaiti 96. Ukishusha hadi 160 unatumia nusu yake. Mimi ningeshusha kwa nyimbo za kuchezea na kubaki juu kwa taarabu, kwa sababu kanuni, ile ala ya taarabu, ina nyuzi zaidi ya 70 na sauti zake nyembamba ndizo za kwanza kuharibika faili likibanwa.

Anza na albamu ya Siti Muharam, Siti of Unguja, ya mwaka 2020. Huyu ni kitukuu wa Siti binti Saad, mwimbaji maarufu wa taarabu ya zamani, na humo anaimba nyimbo za bibi yake huyo kwa mapigo ya sasa. Isikilize yote, kwa mpangilio wake. Zima ile sehemu ya kuchanganya nyimbo, na zima pia ile inayounganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, kwa kuwa mwanzoni ndipo udi, ile ala ya nyuzi, unapojitambulisha peke yake kabla ya wengine kuingia, na programu itakumezea hapo hapo. Kama wawili mnagawana spika za masikioni, mmoja kulia na mwingine kushoto, kila mmoja anasikia nusu ya bendi na kudhani albamu ni hafifu. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya wenye mahitaji maalumu, uwashe sauti ya mono. Na ile spika ya rafiki yako yenye besi kubwa iacheni nyumbani: inafunika fidla, na kwenye boti kuna wazee wanaopumzika.

Ya pili ni Fusing the Roots ya Siti and the Band, 2018. Siti Amina anaimba na kupiga udi mwenyewe, na bendi imechanganya taarabu na miziki ya nje bila kuipoteza ladha yake. Kisha nenda kwenye Peace and Money ya Zuchu, iliyotoka Desemba 2024. Najua hii unayo. Ninachokuomba ni uisikilize baada ya hizo mbili, si kabla. Mama yake ni Khadija Kopa, na ukiwa umetoka kwenye taarabu utasikia jinsi Zuchu anavyovuta irabu mwishoni mwa mstari na anavyoficha neno la kuchoma ndani ya tamu. Ukianza na yeye, hilo linakupita.

Siti binti Saad mwenyewe alikwenda Bombay mwaka 1928, akiwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Kiswahili kurekodi santuri. Wimbo wake wa Kijiti unawahusu ninyi moja kwa moja: ni habari ya mwanamke aliyevuka kutoka Dar es Salaam kwenda kutembea Unguja, akatolewa kwenda kwenye sherehe, akauawa. Muuaji, huyo Kijiti, akatorokea bara, na kesi ikawaangukia wanawake walioshuhudia. Kosa lilikuwa la muuaji, la mgeni halikuwapo hata kidogo. Lakini kwenu nataka hivi: mnaotoka pamoja mrudi pamoja, na kila mmoja awashe sehemu ya kuonyesha alipo kwa wengine watatu hadi Jumapili jioni.

Mkishuka bandarini Malindi, hapo hapo Unguja, mtapokewa na papasi, vijana wanaowang'ang'ania wageni. Kataa kwa upole, ukiwa unatembea. Ukisimama umeshakubali mazungumzo. Mji Mkongwe ni kwa miguu. Ramani ya simu inayumba ndani ya vichochoro kwa sababu kuta ndefu zinakata mawimbi, kwa hiyo mkipotea fuateni njia moja mpaka mtokee baharini au barabara ya Darajani. Mkiuliza, shikamoo kwanza, swali baadaye. Mabega na magoti yafunikwe.

Urojo uliwe mchana, supu ikiwa bado ya moto. Angalia sufuria: mchuzi wa manjano uwe unafuka, na bajia, kachori na viazi vitiwe bakulini mbele yako. Onja kabla ya kuongeza ukwaju, maana ukali hauondoki. Jioni kwenye bustani ya Forodhani, uliza bei ya kila kijiti cha mishkaki kabla ya kunyoosha mkono. Pweza na samaki waliopangwa mezani wakiwa wameshaiva wanapashwa tu, na hapo ndipo matumbo huharibika. Kula kinachopikwa kuanzia kibichi ukiwa umesimama pale. Juisi ya miwa iagize bila barafu.

Usiku mtafute taarabu ya kupigwa kwa mikono. Ulizieni mapema kama Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002, kina onesho, au kama kuna harusi inayopigwa na kundi la taarabu la Culture au na Ikhwani Safaa, kundi la tangu 1905 ambalo watu wa mjini huliita Malindi. Beba noti za elfu moja moja kwa kutunza, yaani kumzawadia msanii anapoimba. Usiinuke msanii akiwa katikati ya beti. Subiri kiitikio, nenda polepole kwa mwendo wa ngoma, mpe mkononi au weka mbele yake, urudi kwa njia ile ile. Na sikiliza maneno kabla ya kuinuka, kwa sababu atakayetunza kwenye beti la fumbo ameuambia ukumbi mzima kwamba fumbo hilo ni lake, na huko kuna watu mtakuwa mmewagombanisha bila kujua.

Fedha wekeni mfuko mmoja wa chakula na malazi, kila mmoja achange sawa kabla ya kuondoka, mmoja ashike na mwingine aandike. Noti ndogo muwe nazo, vichochoroni chenji ni shida.

Niletee haluwa nusu kilo, ile iliyofungwa kwenye ukili. Iweke kwenye begi la mkononi, wima, mbali na injini. Ikipata joto mafuta yanajitenga na kuvuja kwenye nguo.

Mama yako