Tukinge maji ya mvua kwa ajili ya bustani zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye nyumba wenzangu wa Dar es Salaam, hasa sisi tulio na bustani, kuhusu maji ya mvua tunayoyaacha yamwagike kutoka kwenye mabati yetu kila masika, kisha ukame ukiingia tunafungua mpira wa bomba na kumwagilia ukoka kwa maji yaliyosafishwa na kutiwa dawa ili yanywewe na watu.

Sehemu kubwa ya maji hayo ya bomba huchotwa Mto Ruvu, katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Wengi tunakumbuka jinsi mvua zilivyokosekana mwaka 2022, mto ukapungua na DAWASA ikatangaza mgao. Wakati ule nilikuwa nikinunua maji ya kupikia kwa dumu, huku katika mtaa wetu wa Kimara nyasi za baadhi ya nyumba zikimwagiliwa kutwa nzima kila zamu yetu ya maji ilipofika. Iliniuma sana, na ndipo nilipomwita fundi anifungie gata.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji. Paa langu lina mita za mraba zipatazo 80, kwa hiyo mvua moja ya milimita 25 huleta lita 2,000, na hata ukiondoa moja ya tano kwa maji yanayorukia nje na yale ya mwanzo yanayopaswa kumwagwa, zinabaki lita 1,600. Aprili peke yake kwa kawaida hutuletea zaidi ya milimita 200, kiasi kwamba tangi langu la lita 2,000 hujaa na kufurika mara kadhaa kabla masika hayajaisha.

Hata hivyo, ni haki kueleza tangi hilo linaweza nini. Tuta la mchicha au matembele lenye mita za mraba 10 hutosheka na ndoo mbili kubwa kwa siku, yaani lita 40, hivyo tangi lililojaa mwishoni mwa Mei hulifikisha katikati ya Julai. Ukoka wa mita za mraba 100, ukiumwagilia vizuri, utalimaliza tangi hilohilo kwa siku nne au tano. Kwa maoni yangu, maji ya tangi yapewe mboga, miche ya matunda na maua, nao ukoka uachwe ugeuke kahawia wakati wa ukame, kwa kuwa mizizi yake huvumilia na mvua za kwanza huurudishia rangi. Wenye visima karibu na bahari wana sababu nyingine ya kukinga mvua, maana maji ya chumvi huunguza majani na kuharibu udongo, ilhali ya mvua hayana chumvi hiyo.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni mfuniko. Mbu anayeeneza kidingapopo hutaga katika maji yaliyotuama majumbani, na jiji letu lilipata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Tangi au pipa lisilofunikwa ni hatari kwa mtaa mzima, kwa hiyo mdomo wake ufunikwe kabisa, na bomba la kuingizia na la kutolea ziada yafungwe wavu wenye matundu madogo. Maji ya dakika za mwanzo, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yamwagwe. Tangi liwekwe juu ya jukwaa imara la tofali ili maji yateremke yenyewe hadi bustanini, na fundi akumbuke kuwa lita 2,000 ni tani mbili.

Najua bei ya tangi ni mzigo kwa wengi. Asiyeweza aanze na pipa la lita 200 chini ya upande mmoja wa paa. Kwa wanaojenga sasa, naziomba halmashauri zetu, zinapokagua michoro kabla ya kutoa kibali, zidai kuona gata na mahali pa tangi, kwa sababu kuviongeza baada ya nyumba kukamilika ni gharama zaidi. Shule na ofisi za serikali, zenye mapaa makubwa kuliko yetu, zingetangulia.

Vuli huanza Oktoba. Mvua zikishaanza mafundi wa gata hawapatikani kwa urahisi, hivyo wenye nia waanze kupima mapaa yao mwezi huu.

Msomaji wako,
Mkazi wa Kimara, Dar es Salaam